Suti za Watu wa Jumamosi

Kinyozi aliporudi mtaani baada ya mwaka mzima wa kupotea, watu waliona gari. Fundi aliona koti. Mabega yalimzidi vidole viwili kila upande, na mikono ilimshuka hadi kwenye vifundo vya vidole, kama mtoto aliyejitumbukiza ndani ya nguo za baba yake.

Kwa miaka tisa vibanda vyao vilikuwa vimetazamana, barabara ya vumbi ikipita katikati: huku cherehani, kule mashine ya kunyolea. Walikuwa wakiazimana viti na chenji, wakitaniana mchana kutwa bila hata kuinua macho kwenye kazi zao. Halafu siku moja Kinyozi alifunga kibanda bila kumuaga mtu. Na leo huyu hapa, anashuka garini taratibu, anatoa mguu mmoja, anasubiri aonekane, kisha anatoa wa pili.

"Fundi wangu! Bado umekalia kigoda kile kile?"

"Kimenizoea," Fundi akasema. "Na hilo koti, umemvua nani?"

Kinyozi alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Akaketi, akatua kopo la kijani juu ya meza ya kukatia, juu kabisa ya suruali ya mtu iliyosubiri pasi. Unga wa lishe, alisema. Kijiko kimoja kila asubuhi kinasafisha damu, kinalainisha viungo, kinarudisha ujana. Lakini unga si hoja. Hoja ni watu. Unaingia kwa kununua makopo yako kumi na mawili, unaingiza watu watatu chini yako, nao kila mmoja anaingiza watatu wake, na kila anayeingia huko chini, wewe huku juu kinakudondokea kitu hata ukiwa umelala. Yeye mwenyewe, ambaye mwaka juzi hakujua kufunga tai, sasa yuko ngazi ya Almasi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa imemfunza kusikiliza watu akiwa na pini midomoni. Akazitoa.

"Nikuulize kitu. Hilo kopo, mwisho wa yote, anayekunywa ni nani?"

"Kivipi?"

"Wewe unamuuzia mtu ili akauze. Yeye anamuuzia mwingine ili akauze. Sasa yule wa mwisho kabisa, asiye na wa kumuuzia, anafanyaje?"

Kinyozi akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyetazama picha ya mapafu. "Unaona? Maswali hayo ndiyo yanayokuganda kwenye kigoda. Kule kwetu tunayaita maswali ya mshahara."

"Mimi sina mshahara."

"Ndiyo maana nakuhurumia zaidi."

Wakacheka wote wawili, na Fundi akalisukuma kopo upande wa pili wa meza. Hakujiunga. Alishikilia msimamo huo tangu siku ile, na mambo yalipokuja kuharibika, wengi walimsifu kwa ajili yake. Hakupenda kusifiwa. Kwa sababu Kinyozi, alipoona amegonga mwamba, hakuondoka. Alivua lile koti, akalitandaza mezani, akasema basi angalau amshonee suti inayomkaa, pamoja na nyingine tano za timu yake. Buluu iliyoiva, bitana ya njano. Kila Jumamosi walikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vigae, na pale mtu havai ovyo ovyo.

"Anayeingia mara ya kwanza lazima aone watu waliokwisha kufika," alisema.

Ilikuwa miezi ambayo mitumba ilikuwa imemkaba Fundi koo. Alikuwa akiishi kwa kubadilisha zipu na kukunja pindo za sare za shule. Suti sita kwa mkupuo! Alichukua vipimo palepale.

Zikaja sita nyingine, kisha kumi. Akaja muuza vocha, akaja dereva wa lori, akaja mkunga mstaafu, akaja mlinzi wa ghala. Wote waliinua mikono apitishe futi kifuani, wote macho yakiwameta, na wote walikuwa na maneno yale yale mdomoni: ndoto, ngazi, uhuru. Fundi alipima, akaandika daftarini, akanyamaza. Alijiambia kwamba yeye anauza suti, hauzi ndoto. Mwenye duka la vigae si amewapangisha ukumbi? Mama wa mgahawa si anawapelekea chai? Nao wana kosa gani? Cherehani haikupata pumziko. Fundi alinunua pasi mpya ya umeme, yenye mvuke, akaiweka mahali ambapo wapita njia wangeiona.

Alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake, aliyefundisha darasa la kwanza katika shule ya mtaa wa pili. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na yeye kaka mtu alimwita hivyohivyo, kwa fahari. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake minane. Alimlea kwa cherehani hiyohiyo. Ada ya mwisho ya chuo cha ualimu aliipata kwa kushona peke yake mapazia ya hoteli nzima. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Jioni Mwalimu alipita dukani, akakaa kwenye benchi, akasahihisha madaftari ya watoto. "Umekula, kaka?" aliuliza. Akijibiwa ndiyo, aliondoka.

Jioni moja aliinua macho kwenye madaftari, akazitazama suti zilizoning'inia kwenye kamba, buluu mtupu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kaka, hawa watu wakoje?"

Fundi alikuwa akipachika vifungo. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Mimi nashona tu. Wanalipa vizuri."

Aliyasema bila hata kusimamisha sindano. Baadaye alikuja kuyarudia maneno hayo kichwani kuliko sala yoyote aliyopata kufundishwa.

Haukupita mwezi, Kinyozi akaingia dukani mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyeficha zawadi.

"Leo nimekuletea mtu mmoja tu, lakini huyu ni jembe. Mdomo anao, na watu wanamwamini." Akageuka mlangoni. "Pita, kiongozi."

Mwalimu akaingia. Alikuwa amesuka upya. Alisimama palepale waliposimama wengine wote, mbele ya kioo, akainua mikono.

"Usinitazame hivyo, kaka. Nipime."

Fundi akamwambia Kinyozi, "Hebu tupishe kidogo."

"Akae," Mwalimu akasema. "Hakuna la siri."

"Basi nalisema mbele yake. Achana na hawa watu. Hawauzi kitu, wanauzana wenyewe kwa wenyewe. Nimewapima wote, nimewasikia wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kopo lake limenunuliwa na mtu baki."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Na ukawashonea." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomsaidia mtoto kulifikia jibu mwenyewe. "Nilikuuliza hapahapa, kwenye benchi hili. Ukaniambia wanalipa vizuri. Sasa kama ni matapeli na wewe unakula kwao, tukuiteje, kaka?"

Kinyozi alijifanya anakagua bitana.

Alilopaswa Fundi kufanya lilikuwa jepesi, na alikuja kuliona baadaye: kulichana daftari la vipimo mbele yao na kushusha mlango. Lakini mezani kulikuwa na suti nane ambazo hazijaisha, na malipo ya awali alikwisha kuyala. Akachukua futi. Akapima bega, akapima mkono, akapima kiuno, akaandika. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi.

Mwalimu alikuwa na kipaji. Mtu anayeweza kumwelewesha mtoto wa miaka sita kujumlisha na kutoa hashindwi na watu wazima. Aliwaingiza walimu wenzake wanne, kisha mke wa mwalimu mkuu, kisha wazazi waliokuja kuuliza maendeleo ya watoto wao. Akaanza kumwita kila mtu kiongozi. Kwenye msiba wa baba yao mdogo, waombolezaji wakiwa bado wamekaa chini, alimfuata shangazi yao hadi uani na kopo mkononi, akamwambia marehemu angekuwa hai leo kama angeuwahi unga huu. Shangazi alinunua makopo mawili huku analia. Tangu siku ile ndugu wakaacha kupokea simu zake. Waliokutana naye barabarani walikumbuka ghafla kitu walichosahau nyumbani.

Fundi alimweka kitako mara tatu. Mara ya tatu alijibiwa, "Kaka, mtu asiye na ndoto huziogopa za wenzake." Yalikuwa maneno ya ukumbini, hata sauti haikuwa yake.

Ndipo akamleta Mpishi.

Mpishi alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, aliyewapikia watoto wa shule ile kwa miaka ishirini na miwili, kwenye kuni. Nguo zake zilinukia moshi hata zikiwa zimetoka kufuliwa. Alikuja ameshikwa mkono na Mwalimu, na Fundi alidhani ni mapenzi, mpaka alipomwona anapapasa hewani kutafuta benchi lililokuwa mbele yake.

"Fundi, mwanangu, nishonee na mimi niwe kiongozi," alisema, akacheka kicheko cha pengo.

"Macho vipi, mama?"

"Presha ya macho. Daktari kanipa miezi mitatu nipasuliwe, la sivyo nabaki gizani. Akiba ninayo, nimeiweka kidogo kidogo." Akashusha sauti kama anayetoa habari njema. "Lakini Mwalimu ananiambia nikiitanguliza huku, miezi miwili tu inarudi mara tatu. Napasua macho yote mawili, na paa nabadilisha. Na unga wenyewe unasaidia macho pia."

Fundi akamtazama dadake. Dadake akakwepesha uso, mara moja tu, haraka, kisha akaurudisha ukiwa na tabasamu. Fundi akafahamu kwamba Mwalimu naye anajua. Labda alikuwa anajua kwa wiki nyingi.

"Mama," Fundi akasema, "tibu macho kwanza. Biashara hii haikimbii. Ukishapona, njoo, nitakushonea bure."

"Mbona mwanangu unanivunja moyo? Si ni wewe unayewavalisha wote hawa?"

"Kaka ndivyo alivyo, mama, anatania," Mwalimu akadakia. "Kaka, pima. Mama amechoka kusimama."

Akapima. Ilikuwa suti ndogo kuliko zote daftarini, karibu saizi ya mtoto wa shule. Lakini walipoondoka na akatandaza kitambaa, chaki ilikataa kwenda. Alikaa nayo mkononi mpaka chai yake ikapoa. Kisha akakikunja kitambaa na kukirudisha kwenye rafu.

Jumamosi alifunga duka saa nne asubuhi, akaenda kwenye ukumbi juu ya duka la vigae. Hakuwa amewahi kufika huko. Ngazi zilikuwa na zulia jekundu lililochakaa katikati, na mlangoni msichana alimkaribisha kwa jina la kiongozi. Ndani watu kama mia mbili walikuwa wamesimama wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, na spika mbili zikinguruma. Popote alipotazama aliona kazi yake. Kola aliyoirudia mara mbili. Mfuko aliouweka upande usio wake kwa sababu mwenyewe alitumia mkono wa kushoto. Mlinzi wa ghala amekonda, koti linamning'inia. Mpishi alikuwa amekaa mstari wa mbele na nguo zake za kawaida, pochi imebanwa mapajani kwa mikono miwili.

Jukwaani Kinyozi alimaliza kuhubiri, akafuta jasho. "Mwenye swali?"

Huwa hakuna mwenye swali. Fundi akasimama.

"Mimi nina swali, lakini si lako, ni la hawa. Aliyewahi kumuuzia kopo mtu ambaye hakujiunga, mtu aliyetaka kunywa tu basi, anyooshe mkono."

Makofi yakafa. Watu wakatazamana. Nyuma kabisa mkono mmoja ulipanda hadi usawa wa sikio, ukasita, ukajifanya unakuna kichwa. Fundi alisikia vigae vinapangwa chini.

"Mama," akasema kuelekea mstari wa mbele, "beba pochi yako urudi nyumbani."

Kinyozi hakukasirika. Alicheka karibu kabisa na maikrofoni. "Jamani, mnamfahamu huyu? Huyu ni fundi wangu. Suti mlizovaa kashona yeye, zote! Mwaka mzima amekula kwenu, ameshiba, leo anaona mnapanda anapata wivu!"

Kicheko kikalipuka, cha watu waliopata pa kutokea.

"Ni kweli nimekula," Fundi akasema, lakini muziki ulikuwa umekwisha kufunguliwa na hakuna aliyemsikia.

Alimwona dadake anakuja kupitia katikati ya viti. Alidhani anakuja kusimama upande wake. Mwalimu alisimama hatua mbili kutoka kwake, akawageukia vijana wawili wa mlangoni.

"Mtoeni nje," alisema. "Taratibu. Ni kaka yangu."

Walimshika makwapani, taratibu kama walivyoagizwa. Akiwa mlangoni alimsikia Mpishi akiuliza watu waliokaa jirani naye: "Nani huyo? Nani alikuwa anaongea na mimi?"

Hakuna aliyemjibu, na siku hiyohiyo akiba yake ikabadilishwa kuwa makopo.

Tangu hapo oda zikakatika kama maji ya bomba. Suti za Jumamosi zikashonwa kwingine, na Fundi akarudi kwenye zipu. Miezi mitatu baadaye ukumbi ulikutwa na kufuli. Mwenye duka la vigae alisema kodi haijalipwa muda mrefu. Simu ya Kinyozi haikupatikana. Lile gari lilikuwa la kukodi, na kiwanja cha mama yake alikuwa amekiuza ili afike hiyo Almasi. Waliompenda walisema naye alitapeliwa na waliokuwa juu yake. Waliobaki walikivunja kibanda chake cha zamani kwa mawe, ingawa kilikuwa cha mtu mwingine sasa.

Watu wakaanza kumletea Fundi suti, wengine wamezikunja ndani ya mifuko ya plastiki kama kitu cha aibu. Nunua, Fundi, hata kwa bei ya kitambaa. Mkunga mstaafu alikaa kwenye benchi saa nzima bila kusema amekuja kwa lipi. Fundi alichukua alizoweza, akazifumua, akashona kaptula za shule.

Wazazi walimfuata Mwalimu darasani, mbele ya watoto. Alisimamishwa kazi, akauza kitanda, akauza kabati, na mwisho akahamia chumba cha nyuma ya duka la kaka yake na makopo arobaini na moja. Kuhusu siku ya ukumbini hawakusema neno. Walipishana mlangoni, wakaachiana maji ya kuoga. "Umekula, kaka?" Ndiyo. Basi.

Fundi aliuza pasi ya mvuke na kumpeleka Mpishi hospitali. Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, kisha akazima kurunzi na kukaa nayo mkononi. "Mngekuja mapema," alisema, si kwa kulaumu. Mpishi aliuliza kama ni usiku tayari. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Wiki moja baadaye alituma ujumbe kwamba anamtaka Mwalimu nyumbani kwake. Mwalimu hakula siku mbili. Asubuhi ya tatu alisimama mbele ya cherehani na kusema, "Nisindikize," na ukiacha lile la kula, hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ahamie.

Walimkuta mama wa watu amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa viatu, amejifunga kitambaa kichwani, tayari kwa safari. Mwalimu alipiga magoti. Mpishi akapapasa hewa mpaka akapata kichwa chake.

"Inuka. Kulia utalia baadaye. Unalo lile daftari lako la majina?"

"Ninalo, mama."

"Nisomee nilioingiza mimi."

Walikuwa watano. Mwalimu alisoma kwa sauti isiyotoka. Jirani mwenye watoto wanne. Mlinzi wa shule. Dada wawili wanaouza mkaa. Na binti wa Mpishi mwenyewe.

"Wewe ulinidanganya mimi, hilo ni lako," Mpishi akasema. "Hao watano niliwadanganya mimi, kwa mdomo wangu huu. Nataka niende nyumba kwa nyumba niwaambie. Njia siioni. Utanishika mkono."

"Mama, watatutukana."

"Watatutukana. Twende."

Wakaenda, wanawake wawili mbele wameshikana, Fundi nyuma yao na mwavuli kwa sababu jua lilikuwa kali. Jirani aliwasikiliza akiwa amesimama, akaingia ndani na kufunga mlango pole pole. Mlinzi alitukana mpaka mate yakamtoka, kisha akakaa chini kwenye kizingiti na kufunika uso. Dada wa mkaa, mmoja alimwagia Mwalimu maji ya kuoshea vyombo. Mpishi alihisi matone mkononi, akauliza kama mvua inanyesha. "Ni maji tu, mama," Mwalimu akasema, nguo zikimgandama.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya binti yake. Fundi aliona pazia linasogea, kisha linarudi. Mpishi alibisha mara tatu. Ndani nyayo ndogo zikakimbia, na sauti ya mjukuu wa kike ikasema nyuma ya mlango:

"Bibi, mama kasema hayupo."

Mkono wa Mpishi ulikuwa bado umegusa mbao za mlango.

"Mwambie sina kopo," alisema. "Mwambie nimekuja kumuomba radhi tu."

Walisikia minong'ono. Walisikia kiti kinaburutwa. Mlango haukufunguliwa. Jua lilikuwa utosini, na Fundi akausogeza mwavuli uwafikie wote wawili. Mwalimu akamwinamia Mpishi.

"Tuondoke, mama?"

"Niketishe hapa hapa kwenye ngazi," Mpishi akasema. "Ana kazi ya kwenda. Lazima atatoka."

Mwalimu akamketisha, akaketi naye, nguo zake zikianza kukaukia mwilini. Baada ya muda Fundi naye akaketi, ngazi ya chini yao.